Wa Tano Nilikuwa Mimi

Mimi ni mtu wa nyumba, mimi na paka wangu tu. Kwangu kwenda soko la Kibuye ni safari. Ndiyo maana jirani yangu, muuza omena, dagaa wa ziwani, aliniomba nikae na bintiye wa miaka minne shuleni wiki moja. Alijua sina pa kwenda. Mtoto alikuwa ameuma wenzake wanne, na mwalimu wa chekechea alikuwa ameapa: akiuma wa tano, anarudi kwao.

Nilipewa kiti cha watoto, magoti yakanifika kidevuni. Mama mtu alimwonyesha binti picha ya twiga ukutani, na mtoto alipogeuka kuitazama, yeye akachomoka kwenda Asembo Bay kuchukua samaki. Wote huku tunawatoroka watoto hivyo, ati tunawahurumia wasilie. Binti aligeuka tena, akakuta mlango mtupu. Hakulia. Aliukamata mkono uliokuwa karibu, akauma.

"Huyo ni wa tano!" mwalimu akasema.

"Mwalimu, mimi si mwanafunzi. Usinihesabu."

Alicheka, akatupa muda mpaka Ijumaa.

Jioni nilimwambia mama mtu, "Kesho usimtoroke. Muage, umwambie utarudi lini."

"Atalia!"

"Acha alie. Akiwa analia, meno yana kazi nyingine."

"Aii, Mama! Wewe na paka wako ndio mtanifundisha kulea?"

Maneno hayo yaliniuma kuliko bintiye. Lakini asubuhi alichuchumaa mbele ya mtoto. "Naenda kwa samaki. Nitakuja mkimaliza kulala mchana." Kilio alichopiga huyo binti, nadhani hata Kombewa kule mbali walisikia. Nilimpakata mpaka akachoka, nikamhesabia kila mara vilivyobaki: uji, michezo, chakula, kulala, kisha mama. Na mama alikuja kweli, kanga ikinuka ziwa.

Hakuuma mtu siku hiyo, wala iliyofuata. Kila asubuhi kilio kilipungua, na mapajani mwangu alikaa muda mfupi kuliko jana kabla ya kushuka. Mwishowe, nakiri, mimi ndiye niliyekuwa nikimshikilia.

Ijumaa hakulia. Alisimama mbele yangu, mikono kiunoni kama mamake.

"Naenda kucheza. Nitarudi."

Hakurudi. Nilimwona dirishani akigombania mpira, akipiga kelele, mdomo wake ukifanya kazi ya mdomo.

"Amebaki," mwalimu akaniambia. "Jumatatu si lazima uje, Mama."

Nikamjibu ni vizuri, maana nyumbani nina mambo mengi. Sikuwa na hata moja.