Mlango wa Zahanati Ulikuwa Umefungwa

Mume wangu alizikwa Jumamosi, na hadi Ijumaa mchana tulikuwa hatujakubaliana tuseme amekufaje.

Kwetu, kabla jeneza halijashushwa, mtu wa ukoo husimama na kusoma historia ya marehemu: alizaliwa wapi, alioa lini, ameacha watoto wangapi, aliugua nini na alifia wapi. Watu husikiliza hapo kwenye ugonjwa na kifo kuliko pengine pote. Na kinachosomwa kaburini hakisomwi mara ya pili. Kikishapita, watoto wanakua nacho.

Yaliyotokea yalikuwa haya. Homa ilimpanda ghafla, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Alfajiri tulimlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa jirani, mimi na mama mkwe tukampeleka zahanati ya kijiji. Mlango ulikuwa na kufuli. Mama mkwe aliugonga kwa fimbo yake mpaka kuku wa nyumba ya pili wakatawanyika. Tulisubiri mpaka jua likawa kali. Mganga wa zahanati hakuja. Tukashika njia ya hospitali ya misheni, na kabla hatujaifikia barabara ya Ikungi mume wangu alikuwa ametuacha.

Hayo niliyaona kwa macho yangu. Mengine niliyasikia tu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mwenye uwezo anafungua duka, na ilisemwa kwamba mganga wetu ana duka la dawa mnadani na kwamba dawa zake zinatoka kwenye kabati la zahanati. Ilisemwa kisimani, ilisemwa mashineni, kilabuni ndiyo usiseme.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ndiye aliyeandika historia. Alinisomea pale nje tulipokuwa tumekaa matanga. Alipofika mwisho, karatasi ilisema kaka yake ameuawa na mwizi wa dawa za serikali.

"Hilo litoe," nikamwambia.

"Shemeji, unamtetea mtu aliyekufanya mjane?"

"Simtetei. Wewe ulimwona akiuza dawa za zahanati?"

"Nani asiyejua?"

"Sikuuliza nani anajua. Nimeuliza nani ameona."

Akacheka kwa hasira. "Haya, basi tuandike kaka alichoka tu kuishi."

Hatujamaliza, mtendaji wa kijiji akaja. Habari za karatasi ile zilikuwa zimemfikia. Alitoa pole, akampa mama mkwe shikamoo, akakaa kwenye kigoda alichopewa, kisha akatoa kitabu cha Katiba kwenye mfuko wa koti. Nadhani alikuja nacho ili kututuliza kwa kututisha. Vyama vingi vilikuwa vimeanza, na viongozi walishaona kwamba watu siku hizi wanauliza.

"Mama, uhuru wa kutoa maoni upo," akasema. "Umo humu, ibara ya kumi na nane. Lakini uisome pamoja na ya thelathini. Uhuru wako una mpaka, na mpaka wenyewe ni haki na heshima ya mwenzako. Ukimwita mtu mwizi mbele ya umati na huna ushahidi, hiyo ni kashfa. Akikushtaki, mimi sitakuwa na la kukusaidia."

"Mwambie na huyu," nikasema, nikimwonyesha shemeji.

"Kwa hiyo andikeni tu kwamba aliugua ghafla, akafariki. Mwacheni marehemu apumzike."

"Na mlango?"

"Mlango gani?"

"Wa zahanati. Tuliukuta umefungwa. Hilo nalo limekatazwa humo?"

Alifungua kitabu. Hakuwa mtu mbaya. Nilimwona akitafuta kweli, kidole kikishuka na mistari. Mama mkwe akasema neno kwa Kinyaturu. Wanawake waliokuwa karibu naye wakashindwa kujizuia, wakacheka msibani.

"Anasemaje?" mtendaji akauliza.

"Anauliza kama kufuli nalo lina heshima ya kulindwa."

Mtendaji akafunga kitabu. "Halikukatazwa," akasema. "Lakini busara..."

"Busara naijua. Niliuliza sheria."

Nilichukua kalamu, nikaufuta mstari wa shemeji. Ule wa mtendaji sikuuandika; niliandika habari ya mlango, nikampa shemeji karatasi. Shemeji akanirudishia karatasi kana kwamba inamchoma. "Basi utasoma mwenyewe," akasema. Alijua kwamba kwetu mjane hasomi. Mjane hukaa, hufunikwa khanga, hushikwa mikono. Nilimwambia nitasoma.

Kesho yake wanaume walianza kuchimba kaburi mapema, na mganga alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyemfukuza, kwetu mtu hakatazwi kuchimba kaburi. Nilipoitwa, alikuwa upande wa pili wa lundo la udongo, ameshika koleo. Nimesoma hadi darasa la saba na sauti yangu ni ndogo, kwa hiyo nilisoma polepole, watu wakasogea. Mwisho nilisoma hivi: tulimfikisha zahanati asubuhi, tukakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Tulisubiri, hakuja mtu. Alifariki tukiwa njiani kwenda hospitali. Sijui kama angepona iwapo mlango ungekuwa wazi.

Sentensi hiyo ya mwisho shemeji hajaisamehe hadi leo. Anasema nilimfungulia mganga mahali pa kutokea. Lakini sikujua, na sikuweza kumsindikiza mume wangu kwa kitu nisichokijua.

Mganga alikwenda kulalamika baraza la kata. Tukaitwa. Akasema nimemvunjia heshima, kwamba sasa watoto wanamwita muuaji njiani. Mzee aliyeongoza baraza akaniuliza kama niko tayari kuomba radhi.

"Shikamoo, baba," nikasema. "Kama mlango ulikuwa wazi, nitarudi kaburini niombe radhi mbele ya watu walewale."

Mzee akamgeukia mganga. "Ulikuwa wazi?"

"Nilikuwa nimetoka kidogo."

"Sijauliza ulitoka kidogo au sana. Mlango."

"Ulikuwa umefungwa." Kisha akanigeukia mimi. "Kwani wewe unajua nilikuwa wapi?"

"Sijui," nikamjibu. "Ndiyo maana sikusema."

Mama mkwe akamwonyesha mzee kiganja chake, akasema mkono ulioshika ile fimbo bado unamuuma kama kuna anayetaka ushahidi.

Wazee wakasema hapana kashfa hapo. Wakamwagiza mganga kwamba akitoka aandike mlangoni amekwenda wapi na anarudi lini.

Aliandika kwa chaki, miaka yote aliyobaki kijijini kwetu. Nilipokuwa nikipita na gunia langu kwenda kusaga, nilisimama nikasoma, hata siku ambazo nyumbani hakuna mgonjwa. Nilipokuta kufuli na hakuna maandishi, niligeuza njia nikaenda kwa mtendaji, nikamwambia nilichokiona na si zaidi. Mara ya kwanza alipeleka mkono kwenye mfuko wa koti, kwenye Katiba yake. Baadaye aliacha hata kuuliza. Alivaa viatu vyake, tukaongozana hadi zahanati.