Nilivyopotea kwenye makorongo ya Ndalambo, dawa ya mke wangu ikiwa begini kwangu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii sijaitia chumvi hata punje, na mpaka sasa kichwa hakijakaa sawa, nivumilieni.

Mimi ni mtu wa Tanga, natafuta maisha Tunduma. Mke wangu Eliza ni Mnamwanga. Juzi tulienda kwao Ndalambo, nikaomba nitembezwe makorongoni.

Aisee! Nchi kavu, maji ya mvua yamechonga miamba ikabaki nguzo nguzo, halafu chini maua ya pori, ya njano na zambarau. Yanakunywa nini pale? Sijui.

Eliza na shangazi yake walitangulia. Mimi nyuma, kila ua napiga picha. Begi nilibeba mimi, na ndani kulikuwa na dawa ya Eliza ya kuvuta, maana ana pumu.

Nikafika njia panda, siwaoni. Njia ya kushoto, katikati kabisa, kuna maua mabichi yamelazwa. Nikacheka peke yangu. Huyu mwanamke ana mapenzi ya kwenye sinema! Nikashika kushoto.

Wakuu, nilitembea. Kila nguzo inafanana na mwenzake. Naita, sauti inanirudia mwenyewe. Simu nayo imehamia network ya Zambia, inanikaribisha ugenini! Nikajiuliza, hivi nimevuka mpaka au?

Ndipo nikaikumbuka dawa. Niliogopa vibaya mno.

Mara nikaitwa kwa nyuma. Shangazi, anahema.

"Baba, unakwenda wapi huko? Mwenzio kifua kimembana. Njia si tuliifunga?"

"Mliifunga na nini, shangazi?"

Akaniangalia kama mgonjwa. "Na maua."

Kumbe kwao, wa mbele akilaza majani au maua njia panda, anamwambia wa nyuma: huku usipite. Hata watoto wanajua.

Tulikimbia. Eliza alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mwamba, kifua kinapiga filimbi. Akavuta dawa. Akavuta tena. Nililia mbele ya shangazi bila aibu.

Pumzi iliporudi, aliuliza kitu kimoja tu:

"Hukuyaona maua yangu?"

Niliyaona, wakuu.

Funzo: ukweni uliza kwanza ndipo utembee, na dawa ya mtu abebe mwenyewe.

Sasa nyie wa mikoa mingine niambieni, kwenu njia inafungwaje? Maana mimi sasa hivi nikiona ua chini, nasimama.