Swichi ya Kabati la Miche

Watoto wake walimwita Mzee Swichi, na hakukasirika. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mtunza majengo ya shule. Kila jioni alipita darasa hadi darasa akizima taa na feni zilizoachwa na walimu, maana kwa kusahau, walimu hawajambo. Alipostaafu, kazi akahamia nayo nyumbani: kabla ya kulala alizunguka sebule, jiko na korido akizima kila swichi ya ukutani.

Mkewe alikuwa amefariki miezi kumi iliyopita. Miongoni mwa vitu alivyoacha ni bahasha ya dawa yenye mbegu kumi za pilipili, alizokuwa akizipanda na kuvuna nyingine mwenyewe mwaka hadi mwaka tangu walipooana. Hapakuwa na mtu mwingine aliyebaki na mbegu hizo.

Binti yao wa mwisho, mtaalamu wa kompyuta, akaleta kabati la kuoteshea miche, refu kama friji ndogo, lenye mlango wa kioo, taa, pampu ya maji na feni.

"Baba, ukizipanda kwenye kopo utaziua. Mkono wa mama huna."

Mzee akacheka kidogo, kwa kuwa ilikuwa kweli tupu. Hata magugu yalikuwa yakimkaukia.

Wakaliweka kwenye kona ya chumba cha kulala. Binti akakaa sakafuni, akapakua programu kwenye simu ya baba yake, akaiunganisha na kabati. Akajaza aina ya mmea, kiasi cha joto, maji kila baada ya saa tatu. Siku mbili za kwanza ziwe giza na maji mengi, mbegu zilowe. Kuanzia siku ya tatu, mwanga. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na visanduku chungu nzima vya kuweka tiki. Akaupita mbio mbio, kazini walikuwa wanamsubiri. Wakapanda mbegu sita.

"Usifungue mlango wiki mbili, Baba. Usiguse kitu. Linajiendesha."

Mzee hakugusa kitu. Kwake yeye, kuzima swichi ya ukutani usiku na kuiwasha asubuhi hakukuwa kugusa kitu.

Binti aliporudi na kufungua mlango, harufu ikawapokea. Mbegu zote sita zilikuwa zimeoza. Akaishika simu, akasoma kumbukumbu za programu, akasoma tena.

"Baba, mbona kila siku hapa ni siku ya kwanza? Kila usiku, ikifika saa tatu, umeme unakatika. Huku kuna mgao?"

"Hakuna mgao."

"Basi unalizima wewe."

"Nazima kila kitu, mwanangu. Si unanijua?"

"Ukiliwasha linaanza upya! Giza na maji, giza na maji. Halijawahi kufika siku ya tatu." Kisha sauti ikamshuka. "Na mimi pia nimekosea. Kuna kisanduku cha kuliambia liendelee lilipoishia. Nilikiruka."

Akakitia tiki. Wakapanda nne zilizobaki, za mwisho kabisa.

"Lakini hata hivyo swichi usiizime, maji yanahitajika usiku kucha. Moja tu, Baba. Hivi kweli moja inakushinda?"

Mzee akakaa kitandani. "Moja niliwahi kuiacha. Hiyo hiyo."

Binti akatazama kona. Hapo ndipo ilipokuwa mashine ya oksijeni ya mama yake.

"Miaka miwili sikuigusa. Nililala nikiisikiliza. Siku ile nesi akaniambia, mzee, sasa unaweza kuizima. Nikaizima kwa mkono huu."

Binti hakuwa akijua. Siku zote alidhani ni nesi aliyeizima. Akamshika baba yake mkono huo, wakakaa hivyo mpaka giza likaingia.

Usiku wa kwanza mzee alizunguka nyumba kama kawaida, akafika kwenye kona, akasimama. Pampu ikanguruma. Akaziba swichi kwa plasta, akalala akiisikiliza pampu. Usiku wa pili hivyo hivyo.

Asubuhi ya siku ya tatu taa ya kabati ikawaka yenyewe, chumba chote kikajaa mwanga. Mzee, ambaye makaburini hakutoa hata chozi, akalia kwa sauti. Alipotulia akampigia binti yake.

"Imefika siku ya tatu, mwanangu," alisema. "Sijaizima."