Fundi wa resori na Mustang ya papa Henri

Bwana yangu Alfani anajua kitu kimoja tu katika dunia hii, nacho ni resori, vile vyuma vinavyopangwa lame juu ya lame chini ya gari kubeba uzito. Usimuulize bei ya muchele, usimuulize mutoto wake wa tatu alizaliwa mwaka gani. Lakini camion ya mizigo ikipita mbele ya nyumba yetu ya Kabondo, yeye akiwa ndani anakula lituma yake ya ndizi, anainua kichwa na kusema: lame ya pili, upande wa kuume, imepasuka. Ninatoka kuangalia. Kweli, camion imelala upande ule kama mulevi anayetafuta ukuta.

Kazi hii aliachiwa na baba yake mudogo, na yule aliachiwa na babu, watu wa ukoo waliokuja huku zamani na wafanya biashara wa pembe, wakaona mutoni pazuri, wakabaki. Anapasha lame moto mpaka ifike rangi ya mawese, anaikunja kwa nyundo, anaizamisha ndani ya mafuta machafu ya injini. Kisha anaigonga na kusikiliza. Ikilia vizuri, inaenda kazini. Ikilia kama sufuria yenye tundu, anairudisha motoni. Camion za njia ya Bafwasende zinakuja kwake zimevunjika mugongo, na mugongo wa camion ndiyo shasi: vyuma viwili virefu, toka puani mpaka mukiani, na vingine vyote vimepanda juu yake. Chuma kikikatika, Alfani anakibandika chuma kingine pande mbili, anapiga soudure vishikane, na ndani ya siku mbili camion inarudi kwenye matope yake. Miaka thelathini, hakuna camion hata moja iliyorudi kumudai kazi mbaya. Sifa hiyo aliipenda kuliko chakula changu, na mimi ninapika vizuri.

Papa Henri ndiye aliyemufungulia njia. Ni muzee wa Yanonge, mutu wa mutoni, alikuwa na camion tatu wakati camion zilikuwa chache. Alfani alipokuwa kijana na mafundi wakubwa wanamucheka, papa Henri alimupa camion ya kwanza akasema, tengeneza, nitakaa hapa niangalie. Akakaa kweli, siku nzima, juu ya bidon tupu ya mafuta. Kwa hiyo papa Henri akiomba kitu, Alfani hana mudomo wa kusema hapana.

Mwaka jana, mwanzo wa kiangazi, muzee aliomba. Ana miaka makumi nane na moja, na mutoto wake Joëlle alikuwa atoke Kinshasa kuja kumuchukua, aende kuishi kwake mpaka mwisho. Avion yao ilikuwa iruke baada ya wiki tano. Na papa Henri ana motokari moja imebaki, Mustang ya Kiamerika, milango miwili, pua ndefu kama pirogue ya mutoni, aliyonunua akiwa na nguvu zake. Tangu vita vya kwanza vya hapa kwetu ilikuwa imefungiwa ndani ya hangar. Sababu si injini. Injini fundi mwingine aliiamusha kwa siku nne. Sababu ni barabara zetu: motokari ile iko chini sana, kila shimo linakwaruza tumbo lake. Muzee alitaka Alfani aiinue, aipe resori za watu wazima, ili aiendeshe mara moja na mikono yake, toka kwetu mpaka mutoni pale kwa wavuvi Wagenia, kisha arudi nyumbani afunge sanduku lake.

Alfani alisema: wiki tatu, papa. Mimi nilikuwa napepeta muchele. Nililisikia neno likitoka, na neno halina mukia wa kulivutia.

Bon, nyuma ilikwenda vizuri. Alitengeneza lame mupya kwa chuma cha camion, akaiinua shibiri moja na nusu. Motokari ikasimama matako juu, kama bata anayekunywa maji. Nilicheka, naye akanitazama kama nimecheka ndani ya musikiti. Mbele akaongeza mipira aliyokata kwenye pneu za zamani za camion. Kisha wakaisukuma ndani ya parcelle yetu kuijaribu, watu wanne, na Alfani akainua mukono wasimame. Alikuwa amesikia kitu. Hata mimi nilisikia: motokari ilikuwa inalia katikati, pale chini ya viti. Resori zilikuwa ngumu, mwili ulikuwa mulaini.

Akalala chini na taa. Alipotoka, uso ulikuwa wa mutu aliyeibiwa.

Alisema vyuma viwili vya mbele vinafika chini ya viti na kuisha. Vya nyuma vinaanza nyuma ya viti. Katikati hakuna kitu, ni tole tu, bati jembamba la mwili.

"Kutu imekula shasi," akasema.

Nilimuuliza ncha za vile vyuma zikoje. Kutu ninaijua, imekula mabati yangu, inaacha meno. Akasema ncha ni safi, zimekunjwa na kushonwa na tole vizuri, kiwandani kabisa.

"Basi hiyo ni kutu yenye nidhamu," nikamwambia.

Hakupenda. Alisema mwanamuke akae na sufuria zake. Nikakaa nazo. Leo ninajuta. Ningepiga kelele siku ile, ningemwaga maji kwenye moto wake wa soudure, angalau angechelewa.

Kwa sababu asubuhi iliyofuata alifanya kama anavyofanya camion. Aliweka kriki ya kuinulia mbele, akaweka nyingine nyuma, katikati akaacha wazi apate nafasi ya kulala. Akatoa viti, akafungua milango yote miwili. Kisha akakata tole ya chini, mustari muzuri sana, akitafuta mahali pa kushika vyuma virefu vya kuunganisha mbele na nyuma. Camion ingemwacha akate mpaka Krismasi. Ile haikumwacha. Kama saa tano hivi, nilisikia mulio mudogo, si wa kuanguka, ni kama mutu anayekaa kwenye kitanda cha zamani. Nikatoka. Alfani alikuwa amesimama na ile machine ya kukatia mukononi. Motokari ilikuwa imeshuka katikati, kidogo tu, kama mutu aliyeambiwa habari mbaya.

Alikwenda kufunga mulango wa dereva. Ukagonga juu, ukarudi. Akasukuma tena. Nafasi ya vidole vitatu ilibaki chini, na juu hakuna hata ya unyoya.

Siku hiyo nilikuwa na kosakosa, kamba wa mutoni, kutoka Isangi, ninamenya. Alikuja kukaa karibu yangu, kitu ambacho hafanyi mchana. Nilimwonyesha mmoja. Nilimwambia, huyu hana mufupa hata mmoja, ganda ndilo mufupa wake. Ukimukata ganda unatafuta mufupa, unabaki na nini? Alfani akamuchukua, akamurudisha ndani ya bakuli, polepole, kama kitu cha mutu mwingine.

Donc alikuwa ameelewa. Lakini kuelewa hakunyooshi tole. Ile motokari ilizaliwa bila shasi ya camion. Tole yake yote, ya chini, ya pembeni chini ya milango, ndiyo shasi. Ilipaswa kwanza afunge milango, aikaze ndani kwa vyuma, aishikilie katikati, ndipo aunganishe vyuma vya mbele na vya nyuma kabla hata ya kuota resori za camion. Alianza mwisho akamalizia mwanzo. Alijaribu kuiinua katikati kwa kriki; kriki ikatoboa tole ikatokea ndani kama jino. Akaweka mbao kubwa chini. Mulango ukarudi mahali pake, ukabaki kidole kimoja, na hapo ukakataa. Akajaribu soudure, na tole ile ya zamani ikayeyuka kama sukari, tundu juu ya tundu.

Papa Henri alikuwa anakuja kila Jumanne kwa moto, pikipiki ya kukodi. Alfani alifunika motokari na bâche, turubai la camion, akamwambia rangi inakauka. Rangi gani, hakuna mutu aliyenunua rangi. Nilifungua kinywa. Alfani akanifuata mpaka jikoni.

"Mama Malika," akasema, "nakuomba."

Nimekaa naye miaka ishirini na sita. Ameniamuru, amenidanganya, amenicheka. Kuniomba, ilikuwa mara ya kwanza. Nikanyamaza, mimi ambaye hata mashehe wananipisha.

Wiki tano zikaisha. Joëlle alifika, mwanamuke wa heshima, saa ya dhahabu, viatu visivyojua matope. Siku moja kabla ya avion walikuja na moto mbili, muzee amevaa kofia na koti. Alfani alikuwa ameondoa bâche na ameosha vioo. Kiti kimoja alikuwa amekirudisha juu ya ubao. Motokari ilikuwa juu ya kriki na mbao, magurudumu yakining'inia.

Papa Henri aliizunguka mara moja. Huyu ni mutu wa camion, macho yake hayajafa.

"Papa," Alfani akasema, "nilikata mahali haikufaa."

"Mahali gani?"

"Katikati."

Muzee alitikisa kichwa, si kwa hasira. Alisema wamusaidie kupanda. Tukamupandisha, Joëlle mukono mumoja, mimi mwingine. Akavuta mulango, ukarudi. Akauvuta tena. Kisha akauacha, akautoa mukono wake nje, akaushikilia mulango kwa kiwiko kama vile ndivyo inavyofanywa.

"Nishushe chini, Alfani."

"Nikikushusha, papa, itakatika vipande viwili na wewe ndani."

"Bon. Ninaendesha hapa hapa."

Joëlle alisema, papa, jua ni kali, twende. Hakumusikia. Aliwasha. Injini ile, mama yangu, ilikuwa nzima kama siku ya kwanza. Akaingiza vitesse ya kwanza, na magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka hewani. Alfani aliweka mukono juu ya paa, anaisikiliza isije ikateleza, na jasho linamushuka. Watu walijaa kwenye lupango yetu. Mutu wa toleka, wale wanaobeba watu kwa baiskeli, alisimamisha kinga yake akapiga kelele: "Papa, ukifika Bafwasende utusalimie watu." Wakacheka wote. Papa Henri akamupungia mukono, kwa adabu kabisa, akarudi kuangalia mbele, kwenye ukuta wetu. Akakata kona moja, nadhani, maana alizungusha usukani polepole kisha akaunyoosha.

Robo saa. Kisha akazima, akasema miguu yake imechoka. Kesho yake avion ilimuchukua.

Sasa ni mvua. Mbao zinazama ndani ya matope, na kila asubuhi Alfani anagonga kabari, anainua kidole kimoja, jioni motokari imekirudisha. Camion zinasubiri njiani, madereva wanamutukana. Nimemwambia iuzwe chuma. Haniangalii. Nimemwambia aite fundi wa tole kutoka Makiso. Yule fundi alikuja, akaangalia, akanywa chai yetu, akaenda.

Ijumaa iliyopita simu ya Alfani ililia, yeye akiwa chini ya motokari. Nikaichukua. Alikuwa papa Henri, sauti yake imekuwa ndogo.

"Mama Malika, wewe unasema mambo wazi. Ile motokari, imeshuka chini?"

Niliangalia miguu ya Alfani inayotokea kwenye matope, kiatu kimoja hakina kamba. Maneno yote nilikuwa nayo, nimeyapanga tangu kiangazi.

"Bado kidogo, papa," nikasema.

Akasema sawa, hana haraka. Akaniuliza kama kuna essence ndani ya tanki. Nikamwambia iko, imejaa. Kisha nikaenda kumushikia Alfani taa.