Kome Kibindoni

Nakumbuka siku moja ya bamvua, maji yalipokupwa mpaka miamba ya mbali ya Tongoni ikabaki wazi juani. Nilikuwa nimeolewa mwaka ule, mwanangu, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa ya miezi saba.

Nilitoka na mama yangu mdogo, Bi Mwanaidi. Yeye alichokoa pweza, mimi niliokota vitu. Kwenye kuta za mawe za pwani ile mna makombe yaliyogeuka mawe, ya zamani kuliko binadamu yeyote aliyewahi kukanyaga hapa. Niliyapenda kupita kiasi, nikajifanya mjuzi wake. Kitu kikiwa kizito, baridi, hakina rangi, basi nasema ni jiwe.

Chini ya mwamba nikaona kome mwenye umbo la pia ya kuchezea, mnene juu, mwembamba chini, amefunikwa utando wa kahawia. Nikampima kiganjani. Mzito. Nikamtia kibindoni, kwenye mkunjo wa kanga, juu kidogo ya tumbo.

Tukiwa njiani kurudi nikajigamba. "Mama mdogo, leo nimepata kome wa mawe. Kafa kabla ya dunia kuwa na watu!"

"Na wewe ulikuwepo kwenye maziko?" Akacheka. "Hebu tumwone marehemu."

Nikafunua ukingo wa kanga. Kicheko kikamkatika.

"Usimguse. Usiiname."

"Lakini ni ji..."

"Nyamaza, mama. Shika kanga kwa juu. Ivute mbali na tumbo. Polepole."

Nikaivuta. Hapo hapo mtoto akapiga teke, nikaona kome akitikisika ndani ya kitambaa. Bi Mwanaidi alikuwa amepiga magoti, anafungua mkunjo kwa ncha za kucha, midomo yake ikisoma dua bila sauti. Kanga ikalegea. Kome akaanguka kwenye kidimbwi.

Tukamtazama. Kitambo kidogo, kwenye ncha yake nyembamba ukatoka mrija mwekundu, ukawa unapapasa maji, unatafuta.

"Kaka yetu mimi na mama yako, Athumani, alimtia mmoja kama huyu mfukoni," akasema. "Akachomwa mwiba wake wa sumu, akarudishwa nyumbani amebebwa, kafa. Nani kakwambia ni jiwe?"

"Nilidhani."

"Ulidhani, ukamlaza juu ya mwanao."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Mwanangu, leo mna simu. Ukikuta usichokijua, gamba, jino, chuma au chupa iliyozibwa, kipige picha, kiache palepale, nenda kaulize wanaojua. Kisikae mfukoni mwako wala mkononi mwa mwenzio kabla hujakijua. Na usione haya kusema sijui. Mimi niliona haya, na haya ile nusura izikwe pamoja na watu wawili, mimi na mtoto tumboni.

Mola akulinde wewe na wote unaowabeba, akupe macho ya kuona na subira ya kuuliza, na kila utokapo akurejeshe kwetu salama. Amina.