Shemeji Alikataa Kumpa Mkewe Damu, na Mionzi Ikangoja Siku Tisa

Wakuu wa jukwaa hili, nawasalimu. Mimi sikusoma hata darasa moja. Anayeandika ni mjukuu wangu, na nimemwonya asipambe neno. Nitakayoyasema niliyaona kwa macho yangu.

Jana alinisomea ushauri wa mmoja wenu: eti mgonjwa wa saratani asikubali kuongezwa damu, kwa sababu damu hulisha uvimbe, uvimbe unyimwe damu, ufe wenyewe. Na watu wengi mmemuunga mkono.

Nimechoka. Maneno hayo niliyasikia kwetu mlimani Sagalla miaka ya hamsini, nikaona yalikotufikisha.

Dada yangu Wakesho alikuwa akitokwa na damu isiyo ya mwezi. Mama mkwe wake na wanawake wenzake wakasema ni damu chafu, itolewe iishe. Wakamchanja mgongoni na kumuumika kwa pembe, mara tatu.

Mtu anavuja chini, nanyi mnamfyonza juu. Nilisema, nikaambiwa msichana ambaye hajazaa anyamaze.

Alipoanza kuanguka njiani akienda kuteka maji, mumewe Mwadime, mchoma makaa kutoka Rukanga, akambeba mgongoni mpaka Voi. Huko tukaandikiwa barua, tukapanda treni kwenda Nairobi.

Wakaona uvimbe kwenye mlango wa uzazi. Tiba yake ilikuwa mionzi, yaani mashine ambayo moto wake hauonekani lakini unaunguza.

Daktari alikuwa Mzungu. Aliyetufasiria ni dresa mmoja, msaidizi wa wodini, Mdawida wa kabila letu. Akasema mionzi haitaanza bado, kwa kuwa damu ya Wakesho imepungua mno. Ipatikane nyingine kwanza.

Shemeji akauliza kwa nini uvimbe ulishwe. Dresa akamgeuzia swali.

"Tanuri lako la makaa ukilifukia udongo, kuni za ndani huwa jivu?"

"Hapana. Hazipati hewa."

"Basi na uvimbe ni vivyo hivyo. Unakua haraka kuliko mishipa yake, kwa hiyo ndani kuna mahali damu haifiki vizuri. Hewa huletwa na damu. Pasipo hewa, mionzi hupiga lakini haiteketezi, na panapobaki ndipo panapoota tena. Huyu damu yake ikiwa kidogo, mahali pa namna hiyo huzidi."

Shemeji alielewa. Nilimwona usoni. Nikadhani yamekwisha.

Tukapimwa. Damu yangu haikupatana na ya dada. Ya shemeji ikapatana. Akakataa.

Naam, mwanamume aliyembeba mkewe kuteremka mlima wote ule alikataa kutoa chupa moja ya damu.

Sababu yake ni hii. Kwetu, watu wawili wakichanjana na kuonjana damu, huwa ndugu wa tumbo moja, na jamaa zao hawaoani. Yeye alikuwa amechanjana na mfanyabiashara mmoja Mkamba, na tangu siku hiyo dada za yule Mkamba walikuwa dada zake pia.

"Shemeji," akaniambia, "nikimtia damu yangu, nitakuwa nimemwoa dada yangu."

Akataka wazee waulizwe kwanza. Barua ikatumwa Voi, ingoje mtu wa kuipandisha mlimani kwa miguu. Siku tisa, wakuu. Kila asubuhi daktari alipita, akamfunua dada kope, akatikisa kichwa. Mimi nilimsema shemeji mpaka wauguzi wakanitoa wodini.

Siku ya tisa Wakesho hakuweza hata kushika kikombe. Akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Baba Mkamburi, chagua. Dada aliye hai, au mke aliyekufa."

Akakunja mkono wa shati, akamfuata dresa.

Damu ikaingia, mionzi ikaanza. Kutokwa na damu kukakoma, uvimbe ukanywea. Tulirudi naye akitembea kwa miguu yake.

Jibu la barua halikuwahi kufika. Shemeji akaenda mwenyewe kwa wazee, amekwisha kujiandaa kuachana na mkewe. Wakamsikiliza mpaka mwisho, kisha mkubwa wao akamuuliza, "Na kiapo ulikula na nani, na chupa?"

Udugu ni kiapo, wakamwambia. Damu isiyo na kiapo ni dawa tu. Wakacheka sana. Mimi sikucheka, na hadi leo sicheki.

Baada ya mavuno mawili uvimbe ulirudi, na mara hiyo tulimzika. Kama ni zile siku tisa, au zile pembe, au ungerudi vyovyote vile, hakuna daktari aliyeweza kuniambia, nami sitawadanganya. Ninachojua ni kwamba siku zile tisa hazikuwa na faida kwa mtu yeyote.

Mjukuu ananieleza kwamba siku hizi zipo dawa za kuzuia mishipa inayolisha uvimbe. Vema. Hizo hutolewa na daktari aliyempima mgonjwa, si na mtu mwenye simu mkononi.

Funzo langu ni hili: swali la damu aulizwe daktari, tena siku hiyo hiyo, kabla ukoo haujakaa kikao.

Andikeni maoni yenu, nitasomewa yote. Ila atakayekuja kunibishia, aanze kwa kutuambia ni lini mara ya mwisho alipomchangia mgonjwa damu.