Treni ya Mwezi wa Pili

Watu wa Pontresina, kijiji cha milimani huko Uswisi, walizoea kumwona Mengia Bezzola akikunja uso kila theluji ya kwanza inapoanguka. Wenzake waliishangilia, maana theluji huleta wageni, na wageni ndio riziki. Yeye alifua mashuka katika hoteli karibu na stesheni, na kutwa nzima alisikia treni ikianza kupanda mlima wa Bernina. Kwenye baridi hakuipanda abadani. Dada yake aliishi Poschiavo, ng'ambo ya mlima, na Mengia hakwenda kumwona mpaka theluji iyeyuke.

Mumewe, Jachen, alikuwa mmoja wa wanaume waliokuwa wakiondoa theluji kwenye reli hiyo. Mwezi wa pili wa mwaka mmoja, poromoko la theluji lilishuka likamfunika. Binti yao, Seraina, alikuwa hajaanza hata shule. Mengia alimwambia mtoto kwamba baba hakuteseka, alizimika kama taa. Miaka nenda miaka rudi aliyarudia maneno hayo, hata yakawa kama sala.

Seraina akakua, akaolewa Zurich, akashika mimba. Baada ya Krismasi akapiga simu: anataka wavuke mlima kwa treni, yeye na mama yake, kabla hajajifungua. Mengia alifurahi mno. Kisha akauliza ni lini, na furaha ikamtumbukia nyongo.

Akamsihi wangoje mwezi wa sita, malisho yakiwa yamejaa maua, wasafiri wakiwa wamempakata mtoto. Au mwezi wa kumi, misonobari ya kule juu inapogeuka rangi ya dhahabu. Hata wageni wanaojua kuchagua huja wakati huo. Seraina alishikilia mwezi wa pili.

"Mama, kila siku unaniuzia maua na majani. Mimi nataka kuuona mlima kama baba alivyouona."

"Baba yako hakwenda kutazama mlima. Alikwenda kazini."

"Basi nitapanda peke yangu."

"Na tumbo hilo?"

"Tumbo litakaa kitini, mama, kama mimi."

Mengia akashindwa. Siku ya safari anga lilikuwa buluu tupu na mlima ukimetameta hadi macho yanauma. Ndani ya behewa wageni walihama dirisha hili hadi lile, simu mikononi. Mengia alikodolea macho keki ya kokwa za jozi aliyomwokea dada yake, kana kwamba ingemtoroka mapajani. Treni ilipokata kona chini ya ukuta wa kuzuia theluji, vidole vyake vikazama kwenye keki.

Seraina aliviona. "Ni hapa?"

"Ni hapa."

Angeweza kuishia hapo. Lakini binti alianza kunong'ona, mkono tumboni, kwamba afadhali baba hakuhisi kitu, na Mengia akaona maneno yale yakirithishwa kwa mtoto ambaye hata hajazaliwa.

"Alihisi," akasema. "Walichimba mpaka kesho yake. Walipomfikia, alikuwa amejikwangulia nafasi mbele ya uso. Alipumua, Seraina. Alipumua muda mrefu akiwangoja."

Seraina hakulia. Aligeukia dirishani hadi Poschiavo. Mezani kwa mama yake mdogo alikunywa supu ya shayiri kidogo, akashukuru kwa adabu kama mgeni, kisha akatangaza kwamba hatarudi kwa njia ile. Angeteremka Italia, azungukie Milano hadi Zurich. Mama yake alipotaka kumsindikiza, alimwambia, "Niache kwanza, mama. Ningejua nikiwa mkubwa, ningekusaidia kuubeba mzigo huu."

Kwa hiyo Mengia alirudi mlimani peke yake, kwenye theluji. Penye ukuta aliinua macho. Aliona weupe tu, na nyayo za mnyama fulani zikikatiza mteremko.

Wiki kadhaa simu ilikaa kimya. Kisha Seraina akapiga, bila maamkizi marefu, akauliza ni nani waliomchimbua baba. Mengia akawataja mmoja mmoja, nani alikwishakufa na nani angali hai, na yupi alikuja kumkalia matanga siku zote huku mikono imefungwa bandeji. Binti aliuliza, mama akajibu, mpaka sauti zikawakauka. Habari ya safari nyingine hakuna aliyeigusia.